Kosa la maadili likifutwa katika sheria, aliyekwisha kuhukumiwa kwalo anabaki vipi?

Dada wa Kariobangi anauliza:

Hamjambo nyote. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu, ambaye ameniruhusu kukisimulia kisa chake ilimradi nisitaje jina lake, wala la mahakama, wala la mtu yeyote aliyehusika.

Miaka sita iliyopita alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya katikati ya jiji, na zamu yake ilikuwa ikiisha saa tano usiku. Ijumaa moja alikuwa amesimama kituoni akingoja matatu, karibu na wanawake watatu asiowafahamu, gari la askari likasimama na wote wanne wakapakiwa. Alilala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya kuingizwa kizimbani, mtu mmoja aliyekuwa ukumbini aliwaambia kwamba anayekubali kosa hulipa faini akaenda nyumbani, na anayekataa hurudishwa rumande hadi kesi itajwe tena. Mdogo wangu alikuwa na mtoto anayenyonya. Aliposomewa shtaka la kuzurura mahali pa umma kwa nia ya ukahaba alijibu "ni kweli", sisi ndugu tukachanga faini, tukailipa, naye akaapa kwamba jambo hilo halitazungumzwa tena nyumbani kwetu.

Mwaka huu amepata nafasi ya kwenda kutunza wazee nje ya nchi, na wakala akamtaka alete cheti cha maadili mema. Alama za vidole alizochukuliwa siku ile zikaileta hukumu ile mezani, na nafasi imesimama.

Nimekuwa nikisikia wanasheria wakisema kwamba makosa ya namna hii ni masalia ya ukoloni na kwamba yataondolewa katika sheria zetu za adhabu. Nauliza mambo mawili. Kwa nini yamedumu hadi leo, wakati Katiba ya mwaka 2010 inazungumzia utu wa kila mtu? Na la pili, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: siku Bunge au mahakama itakapoliondoa kosa hilo, je, hukumu ya mdogo wangu itaondoka pamoja nalo, au ataendelea kubeba alama ya kosa ambalo halipo tena?

Wakili wa Ngara anajibu:

Dada, pole kwa yaliyompata mdogo wako. Swali lako la pili ni gumu kuliko la kwanza, lakini siwezi kulifikia bila kupitia la kwanza.

Kuna sheria mbili ambazo watu huzichanganya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1930, haimwadhibu mtu kwa kitendo chenyewe cha kuuza mwili. Vifungu vyake vya 153 hadi 156 vinawahusu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba wa wengine na wanaoendesha madanguro. Kifungu cha 182 kinawahusu wale kinaowaita watu wazembe na wavuruga utulivu, na humo ndimo wamewekwa pamoja ombaomba, kahaba anayejiendesha isivyo staha hadharani, na yeyote anayemshawishi mtu mahali pa umma kwa ajili ya uasherati. Lakini kwa jinsi ulivyolieleza, shtaka la mdogo wako linaelekea kuwa limetoka kwingine, yaani katika sheria ndogo za jiji kuhusu kero za umma, zilizotungwa mwaka 2007 na lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa. Sheria hiyo mama ilifutwa serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ila sheria ndogo zilizozaliwa nayo ziliachwa ziendelee. Ni muhimu ulijue hili kwa sababu mlango wa kubisha ni tofauti: Kanuni ya Adhabu hubadilishwa na Bunge, na sheria ndogo za jiji hubadilishwa na Bunge la Kaunti.

Kwa nini zimedumu? Jibu fupi limo katika Mpangilio wa Sita wa Katiba, kifungu cha 7, kinachosema kwamba sheria zote zilizokuwapo kabla ya Katiba mpya zinaendelea kutumika, ila zisomwe kwa marekebisho yanayohitajika ili zikubaliane nayo. Maana yake ni kwamba sheria ya kale haianguki yenyewe, bali hungoja mtu aipeleke Mahakama Kuu au mbunge aandike mswada wa kuiondoa. Wanaokamatwa kwa makosa haya ni wapishi, wachuuzi na ombaomba, ambao hulipa faini wakaenda zao, na kwa hiyo kesi za kuyapinga huwa chache mno. Ukitaka kuona jinsi kifungu cha 182 kilivyosahauliwa, tazama adhabu yake: kosa la kwanza ni kifungo cha mwezi mmoja au faini isiyozidi shilingi 100, au vyote viwili, na kosa linalofuata ni kifungo cha mwaka mzima. Kiwango hicho cha faini, ambacho hakitoshi hata nauli ya kwenda na kurudi kutoka mitaa mingi ya mashariki ya jiji, kinaonyesha kwamba kifungu hiki kimeachwa mahali kilipo bila mtu kukiangalia upya, huku kikiendelea kuwafunga watu.

Kuna kinga moja ambayo mdogo wako hakuambiwa, nami naona uchungu kila ninapokutana na mtu aliyenyimwa habari yake. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kwa mtu anayeshtakiwa kwa mara ya kwanza kwa kosa dogo kama hili, vitisho vya rumande alivyopewa ukumbini havikuwa na msingi. Usiku tatu alizolala seli zina maelezo tofauti: Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, hungojwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo sababu kukamatwa Ijumaa jioni kunauma kuliko siku nyingine yoyote.

Sasa hukumu yenyewe. Kwa sheria ilivyo, kufutwa kwa kosa hakufuti hukumu iliyotolewa kosa lilipokuwa bado kosa. Sheria ya Ufasiri na Masharti ya Jumla, Sura ya 2, kifungu cha 23, inasema kwamba sheria inapofutwa, adhabu zilizokwisha kutokana nayo haziguswi, isipokuwa sheria inayoifuta iseme vinginevyo. Kifungu cha 50(2)(p) cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya adhabu iliyo nafuu zaidi pale adhabu ilipobadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, lakini haki hiyo haimfikii aliyehukumiwa zamani. Nayo Kanuni ya Adhabu haisemi lolote kuhusu kufuta rekodi ya mtu mzima aliyekwisha kuimaliza adhabu yake.

Njia iliyobaki ni kuishambulia hukumu yenyewe. Mdogo wako alikubali kosa, na Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, humruhusu aliyekubali kosa kukata rufaa dhidi ya adhabu tu. Hata hivyo, kifungu cha 362 cha sheria hiyo kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuita jalada la mahakama ya chini na kuangalia kama uamuzi ulikuwa sahihi na halali. Hapo kukubali kosa kwenyewe kunaweza kuchunguzwa.

Karani Mstaafu anajibu:

Wakili amesema vyema, nami nataka kuongeza la upande wa jalada, kwa maana nimeandika mienendo ya kesi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu.

Tangu uamuzi wa Adan wa mwaka 1973, uliotolewa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, utaratibu wa kupokea jibu la kukubali kosa unafahamika kwa kila hakimu. Shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakana au kuyafafanua maelezo hayo. Akiyakana, jibu la kukubali linabadilishwa na kuandikwa kwamba amekana kosa.

Hapo ndipo kesi hizi za Jumatatu zinapolegea, maana watu hupandishwa kizimbani kwa makundi, shtaka moja husomwa kwa wote, na neno "ni kweli" huandikwa mara nne kana kwamba wamelitamka kwa kinywa kimoja. Sasa jiulize: maelezo ya kosa la mdogo wako yangekuwa yapi? Kusimama kituoni si kosa, na nia haiwezi kuonekana kwa macho. Ilitakiwa mtu aeleze ni nini alichokifanya kilichoonyesha nia hiyo, alimsemesha nani, alisema nini. Dada, tafuta nakala ya mwenendo wa kesi. Ukikuta kwamba baada ya neno "ni kweli" kinachofuata ni faini, pasipo maelezo yoyote katikati, una jambo zito la kupeleka Mahakama Kuu.

Nawaheshimu sana mahakimu niliofanya kazi nao, na wengi wao waliumizwa na orodha hizo za asubuhi kama nilivyoumizwa mimi.

Mama wa Umoja anasema:

Nawasalimu. Mimi ni mama wa mabinti watatu na ni mmoja wa viongozi wa akina mama katika ushirika wetu, na sitaficha kwamba maneno "makosa yaliyopitwa na wakati" yananitia hofu. Kisa cha binti huyu kimenihuzunisha, na hakuna mtu mwenye imani anayeweza kusema kwamba alitendewa haki. Lakini mtaani kwetu ninawafahamu wanawake wanaoleta wasichana wadogo kutoka mashambani kwa ahadi ya kazi za nyumbani, kisha wanawaingiza katika vyumba ambavyo majirani wote wanajua vinafanya biashara gani. Mkifuta kila kifungu chenye neno maadili, nitamshtaki nani kwa lipi? Sheria iliyoandikwa na mkoloni si lazima iwe mbaya katika kila neno lake, kwani hata wazee wetu kabla ya mkoloni walikuwa na miiko yao, na waliovunja miiko hiyo walitozwa faini. Naomba wanaotaka kufuta watuambie waziwazi wanafuta nini na wanaacha nini.

Wakili wa Ngara anajibu:

Mama, hoja yako ni ya haki na ingepaswa kusikizwa katika kila kikao cha kuchukua maoni ya wananchi.

Sura ya 15 ya Kanuni ya Adhabu ina kichwa cha makosa dhidi ya maadili, na kwa miongo mingi hata ubakaji uliwekwa humo, kana kwamba aliyekosewa ni tabia njema ya jamii na si mwanamke aliyebakwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, iliyopelekwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu, iliuondoa ubakaji na unajisi wa watoto katika sura hiyo na kuupa sheria yake yenyewe yenye adhabu kali zaidi. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, ambayo ndiyo inayowahusu hao wanaowaleta wasichana kwa hila, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Kwa hiyo kulifuta kosa la kusimama barabarani hakumwachilii huyo unayemwogopa. Kunamnyima askari kisingizio cha kumkamata binti aliyeletwa na kumwacha aliyemleta.

Katika kila kifungu mimi hutafuta mtu aliyeumizwa. Akiwepo, kosa libaki, na mara nyingi liongezewe uzito. Asipokuwepo, na kinachoadhibiwa ni jinsi mtu anavyoonekana, saa anayotembea au umaskini wake, kifungu hicho kiondolewe. Vifungu vya 153 hadi 156 ningependa viandikwe upya kuliko kufutwa tu, ili vimlenge anayemnyonya mwingine na visimguse mtoto anayelishwa na mama yake kwa kazi hiyo. Katika hili najua baadhi ya wanasheria wenzangu hawakubaliani nami.

Mwalimu wa Buruburu anasema:

Nafundisha historia, na ningependa kulitazama swali la Dada kupitia yaliyotokea kwingine, kwa sababu halijaulizwa Nairobi peke yake.

Sheria za uzururaji zililetwa na Waingereza, ambao wenyewe waliandika sheria yao maarufu mwaka 1824, baada ya vita vya Napoleon, wakati askari waliorudi bila kazi walipojaa barabarani. Hapa kwetu Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997. Majirani wameendelea kuzing'oa zilizosalia kwao: Malawi, mnamo Januari 2017, Mahakama Kuu iliamua kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akielekea sokoni Limbe, na kukibatilisha kifungu kilichotumika kumkamata. Uganda, Mahakama ya Katiba ilifanya vivyo hivyo mnamo Desemba 2022. Kati ya hizo mbili, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji haziafikiani na Mkataba wa Afrika.

Mahakama zetu hazijaelekea upande mmoja. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vinavyohusu mapenzi ya jinsia moja. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba kwa kumbagua mgonjwa na kumvunjia utu wake. Waingereza waliotuletea kosa hilo waliliondoa kwao mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wetu, nasi tukaendelea nalo kwa zaidi ya miaka 60, tukimpeleka seli mtu aliyestahili kupelekwa kwa daktari. Siwezi kuiandika sentensi hiyo bila kumkumbuka mwanafunzi mmoja niliyemfundisha.

Kuhusu rekodi za zamani, mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni wa Canada. Mwaka 2018 Bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zilizotolewa kwa makosa ambayo yanatambuliwa leo kuwa yalikuwa ya dhuluma. Awali ilihusu mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2023 orodha ikapanuliwa hadi makosa ya zamani ya madanguro na ya utoaji mimba. Mtu hupeleka ombi bila malipo, na likikubaliwa rekodi huharibiwa na huhesabiwa kwamba hakuwahi kuhukumiwa. Huo si msamaha. Msamaha, kama ule ambao Rais wetu anaweza kuutoa chini ya kifungu cha 133 cha Katiba, humwambia mtu kwamba alikosa lakini ameachiliwa.

Wakili ametuonyesha mlango katika Sura ya 2: hukumu za zamani haziguswi isipokuwa sheria inayofuta iseme vinginevyo. Basi kila mswada wa kuyaondoa makosa haya useme vinginevyo, kwa kifungu kinachotaja waziwazi kwamba hukumu zilizotolewa chini yake zimebatilika na kwamba rekodi zake zisionyeshwe katika cheti chochote. Tuliona mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji katika kesi ya Muruatetu, jinsi wafungwa wa zamani walivyojaa mahakamani kuuliza kama uamuzi unawahusu, hata mahakama hiyo ikalazimika kutoa maelekezo Julai 2021. Jambo lisiloandikwa waziwazi siku ya kwanza huwagharimu wadogo miaka.

Dada wa Kariobangi anaandika tena:

Nawashukuru nyote, na wewe Mama wa Umoja nakushukuru hasa, kwa sababu mama yetu mzazi alisema maneno karibu na yako na sikujua nimjibu nini.

Nimemsomea mdogo wangu majibu yenu yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hakumbuki mtu yeyote akieleza alichokifanya usiku ule. Anakumbuka kusomewa shtaka, anakumbuka kiasi cha faini, basi. Tumeamua mambo mawili. La kwanza ni kutafuta nakala ya mwenendo wa kesi, na tukiipata twende kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, maana fedha za wakili hatuna. La pili ni kuandika ombi kwa Bunge la Kaunti ya Nairobi tukitaka kifungu kile cha kuzurura kiondolewe, na ndani yake tuweke sentensi ya Mwalimu kuhusu hukumu za zamani. Mdogo wangu anataka kutia sahihi kwa jina lake kamili. Nilimwambia si lazima, akasema ni lazima.

Karani, tafadhali niambie: baada ya miaka sita, jalada hilo nitalipata wapi, na niende na nini mkononi?

Karani Mstaafu anajibu:

Nenda katika masjala ya mahakama ileile iliyomhukumu, asubuhi na mapema, siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Chukua nambari ya kesi, ambayo utaiona kwenye risiti ya faini kama mliitunza. Kama haipo, mwende pamoja na yeye mwenyewe akiwa na kitambulisho, mkitaja tarehe ya hukumu, ili watafute katika daftari la mwaka huo. Andika barua fupi ya kuomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wote, na usikubali kupewa karatasi ya hukumu peke yake, kwa kuwa unachokihitaji kimo katika kurasa zilizotangulia. Majalada ya zamani huenda yamehamishiwa ghalani, kwa hiyo wakikuambia urudi, omba uandikiwe tarehe ya kurudi.